Kuhama na bastola Marekani: jimbo jipya, sheria mpya

Mtu ana bastola halali huko Texas. Amepata kazi New Jersey na anahama na familia yake. Je, bastola ile itabaki kuwa halali atakapofika? Jibu ni kwamba si lazima. Chuma kile kile, ndani ya gari lile lile, kinaweza kuwa halali upande mmoja wa daraja la Mto Delaware na kuwa kosa la jinai upande wa pili. Na kwa mtu asiye raia wa Marekani, kosa hilo linaweza kumletea kifungo, na baada ya kifungo, kufukuzwa nchini.

Naliandikia jambo hili kwa sababu naulizwa sana. Mimi ni mtu wa Kisauni. Niliendesha malori Marekani kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi na kufungua duka hapa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok. Watu wa pwani mkisikia Mulot mwakumbuka zile jumbe za simu za kuwatoa watu pesa, lakini wengi wa wateja wangu ni wakulima, wafugaji na wachumaji chai wanaoteremka kutoka Bomet na Kericho. Nao, kama nyinyi wa Mombasa, Malindi na Lamu, wana watoto Dallas, Minneapolis, Baltimore na Jersey City. Mimi si wakili. Haya ni maelezo ya kumfungua mtu macho, ili ajue la kumuuliza wakili kabla hajafunga mizigo.

Tofauti ya mpaka wa hapa na mpaka wa huko

Mulot ni mahali pazuri pa kuanzia kulielewa jambo hili. Mji huu umekaa kwenye mpaka wa kaunti mbili. Ukitembea dakika chache umetoka Bomet umeingia Narok. Gavana ni mwingine, ada za soko ni nyingine, lakini sheria ya silaha haibadiliki hata nukta. Kenya ina sheria moja ya silaha, Sura ya 114, iliyoanza wakati wa mkoloni katika miaka ya 1950 na kurekebishwa mara nyingi. Leseni za raia zinatolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyowekwa na mabadiliko ya sheria za usalama ya 2014. Cheti chako ni kile kile ukiwa Mulot, Voi au Kizingo.

Tena hapa kwetu hakuna haki ya kumiliki bunduki. Katiba ya 2010 haikuitaja. Cheti ni ruhusa tu: unaeleza sababu ya kuitaka silaha, unachunguzwa, unapewa kwa muda, na unaweza kunyang'anywa. Mwisho wa 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati ule, Fred Matiang'i, aliwataka wenye silaha wote wajitokeze kukaguliwa upya, na wasiofika waliambiwa leseni zao zitafutwa. Pwani yetu wala si mgeni wa mambo haya. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, nasi tukiwemo.

Marekani ni kinyume. Haki ya kuwa na silaha imeandikwa kwenye katiba yao tangu 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, mahakama hiyo ikasema haki hiyo inafika hadi nje ya nyumba, na kwamba jimbo haliwezi kumdai mtu athibitishe shida ya pekee ndipo apewe kibali cha kubeba.

Hapo ndipo wengi wetu wanapojikwaa. Wanasikia "ni haki" wanadhani ni haki isiyo na masharti. Mahakama hiyo hiyo iliacha majimbo yaendelee kudai leseni, mafunzo na uchunguzi. Kwa hivyo kila jimbo kati ya 50 lina utaratibu wake, na juu yake kuna sheria za serikali kuu zinazomfunga kila mtu popote alipo. Fikiria Mulot iwe hivi: ukivuka kutoka Bomet kuingia Narok, cheti chako kinakufa. Ndivyo ilivyo huko.

Kwanza kabisa: wewe una ukaazi gani?

Kabla ya kuuliza habari ya jimbo, uliza habari ya hati zako. Hili ni la serikali kuu, halibadiliki kwa kuhama.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita grinkadi, anaruhusiwa na serikali kuu kumiliki silaha, akitimiza masharti mengine. Lakini aliye Marekani kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kabisa kushika silaha wala risasi. Ipo milango michache ya kutokea, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huko. Aliyebaki bila hati halali haruhusiwi kabisa. Kwenda na rafiki uwanja wa shabaha na kushika bastola yake kunaweza kuhesabiwa ni kumiliki. Vijana wengi hawalijui hili, kwa sababu rafiki zao raia wanalichukulia kama mchezo.

Mizozo ya nyumbani nayo ina uzito. Aliyewahi kupatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani, hata kosa dogo, anazuiwa na sheria ya 1996. Aliyewekewa amri ya mahakama ya kumlinda mke, mume au mpenzi anaweza kuzuiwa pia wakati amri hiyo ingali na nguvu, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rahimi, ilikubali kwamba kizuizi cha namna hiyo hakivunji katiba.

Halafu kuna lile la kukumbukwa kuliko yote. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni, hata mwenye grinkadi, akipatikana na hatia ya kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Raia akikosea leseni ya New Jersey atapambana na jela na faini. Mwenye grinkadi atapambana na hayo, kisha na jaji wa uhamiaji. Miaka 15 ya kazi, nyumba aliyoanza kulipia, watoto waliozaliwa huko: yote yanaingia mezani kwa sababu ya kitu cha kutosha mkononi.

Majimbo yanavyotofautiana

Texas, tangu Septemba 2021, mtu mzima asiye na kizuizi anaweza kubeba bastola bila kibali chochote. Maana yake ni kwamba Mkenya anaweza kukaa Dallas miaka mingi na bastola halali bila kuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha. Hakuvunja sheria. Huko hakudaiwa leseni. Shida inaanza akihamia mahali ambapo karatasi ndiyo kila kitu.

New Jersey inadai kadi ya utambulisho wa mnunuzi wa silaha, na kibali cha pekee kwa kila bastola unayonunua. Chini ya sheria ya 2022, anayehamia na silaha zake ana siku 60 za kuomba kadi hiyo na kuziandikisha silaha alizozipata nje ya jimbo. Magazini, yaani kikasha cha risasi kinachoingia kwenye bastola, isizidi risasi 10. Bastola nyingi zinazouzwa Texas huja na magazini ya risasi 15 au 17. Kwa hivyo mtu anaweza kuandikisha bastola vizuri kabisa, kisha akaingia matatani kwa magazini iliyokuja nayo kwenye boksi. Kubeba bastola nje ya nyumba kunadai kibali kingine tofauti, na New Jersey haikitambui kibali cha jimbo lolote jingine. Adhabu ya kumiliki bastola bila kibali ni kati ya miaka 5 na 10, na jimbo hilo lina sheria inayomfunga jaji kutoa muda wa chini usio na msamaha katika kesi nyingi za silaha.

New York ni kali zaidi mlangoni. Tangu sheria ya Sullivan ya 1911, bastola inataka leseni hata kama unaiweka nyumbani tu. Leseni ya jimbo jingine haitambuliwi. Anayehamia huko ajue mpangilio wake: leseni kwanza, bastola baadaye.

Massachusetts, ambako Wakenya wengi wako Lowell na Worcester, inampa mkaazi mpya siku 60 za kupata leseni, na inadai silaha ifungiwe wakati haiko mikononi mwa mwenyewe. Maryland inampa mhamiaji siku 90 za kuandikisha bastola yake. California inataka taarifa ndani ya siku 60, na huko nako magazini za zaidi ya risasi 10 zimekatazwa.

Angalia jambo moja katika hayo. Siku za kuandikisha si ruhusa ya kutembea na bastola kiunoni. Ni muda wa kutengeneza karatasi huku silaha ikiwa imefungwa nyumbani. Nimesikia watu wakisema, "Nina siku 60," kana kwamba ni likizo. Pia sheria hizi zinashtakiwa mahakamani kila mwaka na kubadilika, basi thibitisha kwenye tovuti ya polisi wa jimbo lenyewe karibu na siku ya kuhama, si kwa maneno ya kijiweni.

Njiani: majimbo ya kupita

Kutoka Dallas hadi New Jersey kwa gari unapita Arkansas na Tennessee, unapanda Virginia, unakata vipande vifupi vya West Virginia na Maryland, kisha Pennsylvania. Njia hiyo madereva wa malori tunaijua kama viganja vyetu. Kila jimbo hapo lina sheria yake. Je, mtu atafute leseni ya kila mahali?

Hapana. Sheria ya serikali kuu ya 1986 inamlinda msafiri anayepita, kwa masharti. Moja, awe na haki ya kuwa na silaha hiyo kule anakotoka na kule anakokwenda. Mbili, bastola isiwe na risasi ndani. Tatu, bastola na risasi zisiwe mahali mkono unapofika kutoka kwenye viti. Gari lenye buti, ziwekwe kwenye buti. Gari lisilo na buti, ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria hakihesabiwi.

Sharti la kwanza ndilo linalosahauliwa. Kama kule unakokwenda huna haki ya kuwa nayo, kinga ya njiani haikufai kitu. Na kinga hii ni ya anayesafiri. Kutia mafuta na kula ni sehemu ya safari. Kulala kwa shangazi siku tatu Baltimore ni jambo jingine, na mahakama zimekuwa na mkono mzito juu ya hilo.

Kisa kinachojulikana ni cha msafiri mmoja wa Utah mwaka 2005. Alikuwa anapita uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, akiwa na bastola ndani ya mzigo wake, imefungwa na kutangazwa kama inavyotakiwa. Safari ikavurugika, akakabidhiwa mzigo wake, akalala hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza tena, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipoishtaki mamlaka ya bandari, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilisema ile sheria ya 1986 haikumkinga, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa mahali mkono wake ungeifikia. Hakuwa na nia mbaya. Alichelewa ndege tu.

Anayesafiri kwa ndege basi afuate haya: bastola isiyo na risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, kwenye mzigo wa chini, na itangazwe kwenye kaunta. Na kama safari imekatikia New York au New Jersey, asiuchukue mzigo ule. Aiombe kampuni ya ndege iushikilie mpaka ndege ya kesho.

Kuuza kabla ya kuhama

Hapa dukani nina jirani, mama wa Kikipsigis, ambaye mwanawe yuko Dallas. Mkewe amepata kazi ya unesi New Jersey. Kijana ana grinkadi, na bastola aliinunua baada ya kuvamiwa usiku akitoka kazini. Mama alinijia akasema, "Baba Salma, mwambie huyo mtoto aitupe mtoni." Nikamjibu kwamba kutupa nako ni kosa jipya, kwa sababu bastola iliyotupwa ina namba, na namba ina jina la mnunuzi.

Nilipoongea na kijana kwa simu sikumbishia hofu yake. Mtu aliyewekewa mtutu kichwani haambiwi kwamba anaogopa bure. Nilimuuliza maswali matatu tu. Magazini zako ni za risasi ngapi? Unajua kituo cha polisi cha mji unakohamia, ambako utapeleka maombi? Na kama maombi yakikataliwa siku ya 70, bastola itakuwa wapi? La kwanza alijua: 17. La pili na la tatu hakuwa na jibu.

Mwenye majibu kamili anaweza kuhama nayo kihalali. Asiye nayo ana njia nyepesi: aiuze kwa duka lenye leseni kule kule Texas kabla ya kuhama, achukue risiti, kisha akifika aombe kadi ya jimbo jipya kama mkaazi na anunue nyingine ikiwa bado anaihitaji. Hasara ni dola mia chache. Kijana alichagua hivyo. Anasema usiku bado unamtisha, na kadi ameiomba. Huo ni uamuzi wake, na sasa anaufanya bila kuweka rehani ukaazi wake.

Jambo moja la nyongeza: baada ya kuhama, usirudi jimbo la zamani kununua bastola kwa kutumia leseni ya udereva ya zamani. Sheria ya serikali kuu inadai bastola inunuliwe katika jimbo unaloishi, na kusema uongo kwenye fomu ya ununuzi ni kosa la jinai.

Kuirudisha Kenya

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kuileta bastola nyumbani wakirudi. Jibu ni kwamba karatasi za Marekani hazina kazi hapa. Unahitaji idhini ya kuitoa Marekani, na kibali cha Kenya cha kuiingiza, mkononi mwako kabla ya safari, pamoja na cheti cha kumiliki. Ukishuka uwanja wa Moi Mombasa na bastola bila hayo, wewe ni mshukiwa kama mshukiwa mwingine yeyote. Kuificha ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani linalokuja Kilindini ni magendo ya silaha, na hakimu hatasikiliza kwamba ulikuwa unarudi kwenu. Vivyo hivyo, cheti cha Kenya hakivuki Lungalunga. Tanzania ina sheria yake ya silaha ya 2015 na vibali vyake.

Na kwa kuwa naandika kutoka Mulot, niongeze hili kwa nia njema: leseni ya silaha haipatikani kwa simu. Akikupigia mtu akisema ana "mkono" ndani ya ofisi na akataka pesa au namba yako ya siri, kata simu.

Kwa kifupi

Kabla ya kuhama, hakikisha hati zako za ukaazi zinakuruhusu kuwa na silaha. Soma sheria ya jimbo unakokwenda, hasa leseni, muda wa kuandikisha na ukubwa wa magazini. Magazini iliyokatazwa iache nyuma. Tayarisha risiti ya ununuzi na namba ya bastola. Safiri ikiwa tupu, imefungwa, mbali na mkono, bila kulala ovyo njiani. Ukifika, iache nyumbani ikiwa imefungwa, na peleka maombi wiki ya kwanza, si ya nane. Ukisimamishwa na polisi, mikono iwe juu ya usukani, jibu kwa adabu, na ukikamatwa omba wakili wa jinai anayejua pia uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote. Wengi hukubali kosa "dogo" ili watoke jela siku ile, na kosa hilo dogo ndilo linalowarudisha Jomo Kenyatta bila tiketi ya kwenda tena.

Wahenga walisema ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mwenye mtoto anayehama huko, ampigie leo amuulize: magazini yako ni ya risasi ngapi? Kama hajui, hajawa tayari kuhama nayo.